Kompyuta Isemayo na Haki ya Asiyeona



Miezi michache iliyopita alitufikia ofisini kijana mmoja asiyeona, mhitimu wa chuo, mkononi ana fimbo nyeupe na begani mkoba wenye kompyuta. Hakuja kuomba sadaka. Tunalisema hili mapema kwa sababu karani wetu wa mapokezi, kwa nia njema kabisa, alikwisha kuingia ndani kutafuta sarafu. Kijana alikuja kulalamika. Ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imetangaza nafasi za kazi na kuwataka waombaji wajaze fomu iliyotumwa kwa barua pepe. Kompyuta ya kijana huyu husema: kila neno lililomo ndani yake huligeuza kuwa sauti, naye huisikiliza kwa kasi ambayo sisi, tulipoombwa kusikia, hatukuambulia hata neno moja. Lakini fomu ile ilikuwa imepigwa picha kutoka kwenye karatasi. Machoni petu ilikuwa ni maandishi. Kwa mashine ilikuwa ni picha tupu, na mashine ikanyamaza. Zipo siku hizi programu za kutambua herufi zilizomo ndani ya picha, naye alizijaribu, ila karatasi ilikuwa imepigwa kombo na muhuri umeketi juu ya maswali. Na hata kama ingesomeka, picha haijazwi. Basi ikambidi amlipe mtu wa duka la kutoa nakala amsomee maswali kwa sauti mbele ya wateja, naye ajibu kwa sauti: umri wake, mshahara aliowahi kupata, maradhi aliyonayo, na jina la mtu wa kuarifiwa endapo atapatwa na jambo.

“Hata kazi nikiipata, Padre,” alituambia, “mtaa mzima utakuwa umekwisha kujua mshahara wangu.”

Kwa siku kadhaa maneno hayo hayakututoka. Tumezoea kuliweka suala la ndugu zetu wasioona katika kapu la huruma: kuwavusha barabara, kuwasomea, kuwakumbuka wakati wa sikukuu. Yote hayo ni mema. Walakini mtu anayesomewa barua zake zote na wengine hana siri, na mtu asiye na siri hana uhuru kamili. Hapo tumekwisha kutoka katika huruma na kuingia katika haki, na ndiyo maana Tume imeona vema toleo hili lilizungumzie jambo ambalo wengi watadhani ni la mafundi peke yao.

Wengi wetu tunaitumia kompyuta kama tunavyopanda basi, bila kujishughulisha na yaliyomo chini ya boneti. Ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kila simu ya kisasa, mna programu kuu inayozitawala nyingine zote, ambayo wataalamu huiita mfumo endeshi. Huo ndio unaopokea tunachokibonyeza, ndio unaohifadhi kazi zetu, na ndio unaoamua mambo yaonyeshwe kwa namna gani. Wakiamua waliouunda kwamba kila jambo litaelezwa kwa picha na rangi, basi asiyeona amefungiwa nje kabla hajavuta kiti.

Cha kushangaza ni kwamba hapo mwanzo mambo yalikuwa afadhali. Kompyuta nyingi za miaka ya 1980 zilitumia mfumo ulioitwa DOS, na skrini yake ilikuwa na herufi tu, mstari juu ya mstari. Mashine iliijua kila herufi na mahali ilipoketi. Haikuwa vigumu kuunda programu ya kuziokota herufi hizo na kuzipeleka kwenye chombo cha kutoa sauti. Mwaka 1986 kampuni ya IBM ilitoa programu ya namna hiyo iliyobuniwa na mwanahisabati Jim Thatcher. Mwaka 1989 ikafuata JAWS, kazi ya Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki kabla ya kupoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978. Kwa vyombo hivyo wasioona walianza kuandika barua, kutunza hesabu, na hata kutunga programu za kompyuta, wakilipwa ujira sawa na wenzao.

Kisha yakaja madirisha. Microsoft ilitoa Windows 3.0 mwaka 1990 na Windows 95 mwaka 1995, na ulimwengu mzima ukashangilia. Badala ya kuandika amri, mtu alikiongoza kipanya hadi kwenye picha ndogo na kubonyeza. Kwa mwenye macho ilikuwa nafuu kubwa. Kwa asiyeona ilikuwa kama kuhamishwa usiku kutoka nyumba aliyoizoea kila pembe na kupelekwa katika ukumbi usio na kuta. Skrini haikuwa na herufi tena bali vitone vya mwanga, maelfu kwa maelfu, na mashine yenyewe haikujali kama vitone hivyo vilifanya neno au ua. Wengi waliokwisha kupata kazi maofisini waliingiwa na hofu ya kuzipoteza, si kwa uzembe wao, bali kwa kuwa mwajiri amenunua mashine mpya.

Mafundi walihangaika. Programu za kusoma skrini ziliwabidi zidukize: zisikilize mfumo ulipokuwa ukiagiza kuchora neno fulani mahali fulani, ziandike agizo hilo katika daftari lao la siri, kisha zimsomee mtu daftari badala ya skrini. Mwaka 1997 Microsoft ikaweka utaratibu ambao kwa huo kila kitufe na kila kisanduku kingeweza kujitambulisha: jina langu ni hili, kazi yangu ni hii, kwa sasa nimebonyezwa au sijabonyezwa. Tangu hapo mambo yamekwenda mbele sana. Lakini angalieni neno hilo “kingeweza”. Kitufe hakijitambulishi chenyewe. Ni lazima aliyekiunda akipe jina. Asipokipa, programu ya kusoma skrini haina la kusema ila “kitufe”, na kinachofuata “kitufe”, na kinachofuata tena “kitufe”. Kijana wetu alitufungulia ukurasa wa huduma moja ya malipo atuonyeshe. Tulivihesabu vitufe kumi na kimoja visivyo na majina. Kimojawapo, bila shaka, ndicho kilichokuwa cha kutuma fedha, na kingine cha kufuta. Kumpa kitufe jina ni kazi ya nusu dakika.

Kulikuwa pia na kikwazo cha bei. Kwa miaka mingi leseni ya JAWS iliuzwa kwa karibu dola 900 za Kimarekani au zaidi, mara nyingi ikiizidi bei ya kompyuta yenyewe. Katika nchi tajiri serikali au mwajiri alilipa. Kwetu sisi, mwalimu asiyeona angefunga mwaka mzima asiipate, na wengi walitumia nakala za wizi, jambo ambalo wenyewe hawakulifurahia. Mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, aliona kwamba si haki asiyeona alipe mara mbili kwa kile ambacho mwenzake hulipa mara moja. Akaanza kuandika programu yake, akaipa jina NVDA, na akaungana na rafiki yake James Teh, naye asiyeona. Waliitoa bure, na maandishi yake ya ndani wakayaacha wazi ili yeyote aweze kuyasahihisha na kuyaongezea. Leo hii inatumika ulimwenguni kote. Ndiyo iliyomo katika kompyuta ya kijana aliyetutembelea. Wasioona hawa hawakungoja kuhurumiwa. Walishika mpini wenyewe.

Hapa ndipo panapotokea swali ambalo tungependa kukaa nalo kidogo, kwa kuwa linafanana sana na maswali tunayoulizana kuhusu shule zetu. Je, asiyeona aundiwe mfumo wake peke yake, au aingizwe katika mfumo wa wote?

Wapo waliochagua njia ya kwanza, na hatupendi kuwadharau. Klaus Knopper, Mjerumani mwenye mfumo unaoitwa Knoppix, ana mke mwenye ulemavu wa kuona, jina lake Adriane. Akamtengenezea sura ya pekee ya mfumo huo na kuipa jina lake. Haina madirisha ya kutafutwa wala picha za kubonyezwa. Ukiwasha mashine inakusemesha, inakutajia orodha, nawe unapanda na kushuka kwa vishale vya kibodi: barua, intaneti, maandishi. Si nyumba ya picha iliyowekewa mkalimani, bali nyumba iliyojengwa tangu msingi kwa mtu atumiaye masikio na vidole. T. V. Raman, mtaalamu mzaliwa wa India aliyepoteza kuona akiwa kijana, alilifikiri jambo hilo kwa undani zaidi alipotoa Emacspeak mwaka 1995. Yeye husema kosa ni kuisoma skrini. Kinachopasa kusomwa ni maana. Fikirini kalenda. Mwenye macho anatazama mara moja na kujua kwamba tarehe 5 ni Jumanne. Programu ya kusoma skrini itamtajia msikilizaji tarakimu tupu, moja, mbili, tatu, nne, mithili ya mtoto anayejifunza kuhesabu. Programu ya Raman husema siku, tarehe na mwezi, basi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwa asiyewahi kuhesabu hadi thelathini ili kujua siku ya miadi.

Lakini nyumba ya peke yake ina hatari yake. Nchini Uingereza ulianzishwa mfumo ulioitwa Vinux, uliotengenezwa kwa kujitolea kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu, nao ulipendwa. Leo hautengenezwi tena. Hakuna aliyewafanyia ubaya. Waliojitolea walichoka au waliitwa na kazi nyingine, kama inavyotokea kwa vikundi vingi tunavyovifahamu hata parokiani. Kilicho cha wachache hutegemea pumzi ya wachache. Isitoshe, mwenye mfumo wake peke yake hawezi kumwomba mwenzake wa meza ya pili amwelekeze, wala kuifungua kazi aliyotumiwa na bosi bila wasiwasi.

Njia ya pili ilichelewa, ila ilipofika ilifika kwa nguvu. Mwaka 2005 kampuni ya Apple iliiweka sauti ya kusomea, VoiceOver, ndani ya mfumo wa kompyuta zake bila malipo ya ziada, na mwaka 2009 ndani ya simu yake. Wengi walidhani simu ya kioo kisicho na kitufe hata kimoja ingekuwa mwisho wa asiyeona. Ikawa kinyume: kidole kikipita juu ya kioo, simu hutaja kilicho chini yake, ukigonga mara mbili, umechagua. Mwaka huohuo simu za Android zikapata TalkBack, na hapo ndipo habari hii ilipoanza kuvihusu vijiji vyetu, maana simu za namna hiyo ndizo zinazouzwa sokoni kwetu kwa bei ambayo watu huweza kujibana wakaipata. Hata katika mifumo huria hali ni njema: tangu Debian ya 7 iliyotoka mwaka 2013, mtu asiyeona aweza kuusimika mfumo mzima kwenye kompyuta peke yake, akiongozwa na sauti tangu mwanzo.

Kwa maoni yetu, basi, mlango uwe mmoja. Hata hivyo waliojenga milango ya pekee wametufundisha namna ya kuujenga huo mmoja, na fundi asiyetaka kujifunza kwao atatujengea mlango ambao twaweza kuuona lakini hatuwezi kuupita. Bartimayo alipopaza sauti pale Yeriko, umati ulimkemea anyamaze, na waliomkemea walikuwa wafuasi waliotaka safari iendelee kwa utaratibu. Bwana alisimama, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hakujiamulia, ingawa hitaji lilikuwa dhahiri kwa kila mtu.

Tukija kwa lugha yetu, kuna habari njema na aibu kidogo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, irabu ni tano tu na mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Si lugha ngumu kuifundisha mashine. Programu huria ya sauti iitwayo eSpeak, ambayo NVDA huitumia, inacho Kiswahili, na simu nyingi za Android huweza kuwekewa sauti ya Kiswahili iliyo laini zaidi. Hata hivyo tumekutana na watu waliotumia simu zao miaka miwili au mitatu zikiwasomea ujumbe wa Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, kwa kuwa aliyewauzia hakujua kwamba sauti inabadilishwa. Yeyote aliyewahi kusikia salamu za mamaye zikisomwa kwa namna hiyo hacheki. Na sisi tunaoandika tuna sehemu yetu: anayeandika “ngombe” bila ile alama ya king'ong'o, akidhani msomaji ataelewa, amsababishia msikilizaji mnyama asiyejulikana.

Wapo wanaohofu kwamba sauti itaua maandishi ya nukta nundu, aliyoyatangaza Louis Braille mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 20. Hofu hiyo tunaishiriki. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, wala aya inaanzia wapi. Shule kongwe kama ile ya Thika, iliyoanza mwaka 1946, na ile ya Buigiri karibu na Dodoma, iliyoanza mwaka 1950, zilijengwa juu ya nukta hizo, na wahitimu wake wanazisoma kwa wepesi unaotuaibisha sisi wasomaji wa macho. Walakini Biblia nzima ya Kiingereza kwa nukta nundu huwa juzuu 40 hivi, nani ataibeba? Vipo vifaa vinavyounganishwa na kompyuta na kuinua nukta chini ya vidole, mstari baada ya mstari, lakini vingi vina bei ya kukatisha tamaa. Sauti na nukta si maadui. Mtoto apewe vyote viwili.

Wapo pia ambao hawakupoteza kuona kabisa: wazee wenye mtoto wa jicho, na watoto wenye ualbino ambao wengi wao wana uoni hafifu na hukaa dawati la nyuma wakinakili kwa kubahatisha. Kwa hao hata sauti si lazima. Yatosha herufi kukuzwa na rangi kugeuzwa, nyeupe juu ya nyeusi. Uwezo huo umo katika simu ya mwalimu tayari. Na atakayesema kwamba haya ni mambo ya watu wachache, ajue kwamba mwaka 2020 wasioona kabisa duniani walikadiriwa kuwa milioni 43, na wenye uoni hafifu ni wengi mno kuliko hao. Sisi wenyewe, katika miaka yetu ya arobaini, tumekwisha kuanza kuisogeza misale mbali na pua.

Sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unataja waziwazi katika ibara ya 9 wajibu wa kuifanya habari na mitambo ya mawasiliano iweze kufikiwa na wote. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ikatunga sheria yake mwaka 2010, na katiba ya Kenya ya mwaka huohuo yazungumzia haki hizi katika ibara ya 54. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika maumbo yanayosomeka na wasioona bila kungoja idhini ya mwenye haki ya kunakili, nchi zetu zimeingia. Kwa hiyo ofisi inayotuma fomu ya picha haikosi sheria. Inakosa mtu wa kuikumbusha, na kazi hiyo ya kukumbusha twaweza kuifanya kwa barua yenye adabu, tukionyesha namna: faili litumwe kama maandishi, vitufe na visanduku vipewe majina, picha iandikiwe maelezo mafupi. Tayari tumemsaidia kijana wetu kuandika barua ya namna hiyo. Jibu bado halijaja. Muda wa kupokea maombi umekwisha.

Lakini hatuwezi kuinyoshea ofisi ile kidole bila kukiri la kwetu. Kijana alipotuuliza kama kijitabu hiki chapatikana kwa kompyuta, tulimjibu kwa majivuno kwamba kila toleo tunalituma kwa barua pepe na kwa simu. Akatuomba moja. Lilikuwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, kama tulivyofanya kwa miaka yote, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa aliyekuwa akitusaidia. Makala zote tulizowahi kuandika juu ya haki za wanyonge, hakuna hata moja aliyoweza kuisoma.

Toleo hili tunalituma kama maandishi. Kabla ya kulipeleka mtamboni tulimpa alipitie, akaturudishia siku ya pili na makosa matatu ambayo sisi wanne wenye macho hatukuyaona. La kwanza lilikuwa juu kabisa ya jalada. Kwa ajili ya urembo tulikuwa tumeliandika jina la Tume kwa kuziachanisha herufi, kila moja na nafasi yake, na mashine ilikuwa ikimtajia moja moja, he, a, ke, i, bila kufikia neno. Tumeziunganisha.